Mbio za ndege ndogo: Kwa nini anga ya Ziwa Victoria humtia rubani majaribuni?

Rubani anayepaa na ndege ndogo kutoka Kajjansi, uwanja ulio kati ya Kampala na Entebbe, hulikuta Ziwa Victoria dakika chache tu baada ya magurudumu kuacha ardhi. Ziwa hilo lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800 hujitengenezea hali yake ya hewa, na ukanda wake ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Katika safari ya kawaida, dawa ya dhoruba ni kusubiri. Aliye mashindanoni hana anasa hiyo: kila dakika anayokaa chini inahesabiwa.

Afrika Mashariki na Kati ilishuhudia gharama ya hesabu hiyo mwaka 1936. Alfajiri ya Septemba 29, ndege tisa ziliondoka Portsmouth, Uingereza, kuelekea Johannesburg, zikiwania zawadi ya jumla ya pauni 10,000 iliyotolewa na tajiri wa Afrika Kusini, Isidore Schlesinger. Vituo vya lazima vilikuwa Belgrade na Cairo. Kusini ya hapo, mamlaka ya kuamua yalikuwa mikononi mwa rubani, katika anga isiyokuwa na rada na yenye vituo vichache vya redio. Hata ndege za abiria za Imperial Airways, zilizopitia Juba, Entebbe na Kisumu, ziliruka mchana kwa hatua fupi fupi.

Mmoja wa waliotarajiwa kushiriki alikuwa Tom Campbell Black, aliyewahi kuwa rubani mkuu wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi na aliyeijua vyema anga ya eneo hili. Alifariki siku kumi kabla ya mbio kuanza, ndege yake ilipogongwa na ndege ya kijeshi ikiwa ardhini mjini Liverpool.

Kati ya zile tisa, ni moja tu iliyofika. C.W.A. Scott na Giles Guthrie, katika ndege ya injini moja aina ya Percival Vega Gull, walitumia saa 52 na dakika 56. Wenzao David Llewellyn na Charles Hughesdon waliishia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ndege ya injini mbili aina ya Airspeed Envoy ilianguka ikijaribu kupaa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, na watu wawili kati ya waliokuwamo wakapoteza maisha.

Mbala, kama Entebbe, uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na hilo ni jambo ambalo msafiri wa kawaida halifikirii. Uwanja wa Entebbe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150. Nyuzijoto zikifika 28, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiendesha kana kwamba iko karibu mita 1,900. Injini hupoteza nguvu, mabawa hubeba kidogo, na njia ya kurukia iliyotosha asubuhi yaweza kuwa fupi mchana.

Saa za dhoruba

Dhoruba za ziwa hili zina ratiba, ingawa si ya kuaminiwa kama ya treni. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani na kuinua mawingu juu ya Kampala na vilima vyake, na ngurumo husikika alasiri. Usiku mambo hugeuka. Pepo kutoka kingo zote hukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na dhoruba hupiga ziwani kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, saa zile zile wavuvi wawapo kazini na rubani wa mashindano atakapo kuwahi kuondoka.

Wingu lenyewe huvunja ndege mara chache kuliko inavyodhaniwa. Hatari kubwa ni kutoona. Sikio la ndani, linalotupa uwiano, haliwezi kutofautisha mpindo wa taratibu na kwenda moja kwa moja. Katika jaribio maarufu la Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954, marubani wasiofunzwa kuruka kwa kutegemea vyombo walipoteza udhibiti kwa wastani wa sekunde 178 baada ya kunyimwa mandhari ya nje.

Adui mwingine ni barafu, hata hapa Ikweta. Hewa yenye unyevu inapopita ndani ya kabureta hupoa ghafla, na barafu yaweza kujijenga humo wakati nje kuna nyuzijoto zaidi ya 20. Injini huanza kulegea bila kishindo.

Kwa sababu hizo marubani hufundishwa kukaa angalau maili 20, yaani kilomita 32, kutoka dhoruba kali, kubeba mafuta ya kurudi, na kugeuka kabla ya kuingia mawinguni. Ushauri wa mwisho ndio mgumu kuliko yote kwa mshindani. Anayegeuka hajui kama mwenzake mbele amepenya au ameanguka.

Mashindano mengi ya leo ya ndege ndogo yameondoa sehemu ya kishawishi hicho. Katika mbio za rali chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, rubani hutangaza mapema mwendo wake, kisha hupoteza alama kwa kuwahi kama anavyopoteza kwa kuchelewa, na njia yote hurukwa ardhi ikionekana.