Mandazi Yaliyoungua na Mbuzi wa Bi Konile: Tunavyosikiliza Simulizi za Maumivu

Katika kanda moja ya mahojiano niliyoinukuu nikiwa mtafiti mchanga, mjane mmoja muuza mandazi anaulizwa maisha yamekuwaje tangu afiwe na mumewe. Anajibu: "Siku hizi naunguza." Kisha anaanza kueleza habari za mafuta. Zamani aliyajua kwa sikio tu, hata akiwa ameipa karai mgongo. Sasa anatumbukiza donge, anasimama palepale na mwiko mkononi, na anaposhtuka moshi umeshatanda. Anaeleza hayo kwa dakika kama nne. Mhoji anamngoja amalize, halafu anamuuliza amepata wapi nguvu za kuendelea. Mama anashusha pumzi: "Namshukuru Mungu."

Zile dakika nne nilizifupisha kwa maneno matatu ndani ya mabano: nje ya mada. "Namshukuru Mungu" niliipigia mstari, ikaingia kwenye ripoti chini ya kichwa cha ustahimilivu.

Makala hii inatokana na kosa hilo. Hoja yangu ni kwamba mahojiano mengi kuhusu maumivu ya moyo huharibikia kwa msikilizaji. Mhoji huja na umbo la hadithi alilokwisha kulichonga: pigo, kisha giza, kisha kuinuka. Anachosema mhojiwa hupimwa kwa umbo hilo, na kisichoenea hukatwa. Tatizo ni kwamba mtu aliyeumia husema mambo yake mazito kwa njia ya vitu vya karibu naye, kama mafuta, mnyama au jiwe, na hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza.

Ushahidi uliodhaniwa hauna kichwa wala miguu

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza vikao vya hadhara Aprili 1996, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu. Ilipokea maelezo ya waathirika wapatao 21,000, na takriban 2,000 kati yao walizungumza hadharani. Miongoni mwao walikuwemo kina mama wa vijana saba waliouawa na polisi Gugulethu, Cape Town, tarehe 3 Machi 1986. Mmoja wa kina mama hao, Bi Notrose Nobomvu Konile, alitoa ushahidi wake kwa Kixhosa. Waliomfuata kupitia kwa mkalimani walipotea njiani. Alitaja mbuzi aliyemwota, kisha akahamia kwenye kuchimba makaa ya mawe na jiwe lililomwangukia. Hata jina lake halikuandikwa sawasawa katika kumbukumbu rasmi.

Mwandishi Antjie Krog, aliyeripoti vikao vile redioni, hakuweza kumsahau mama huyo. Miaka mingi baadaye alishirikiana na Nosisi Mpolweni, mtaalamu wa Kixhosa, na mwanasaikolojia Kopano Ratele. Waliisikiliza upya kanda ya asili, wakaitafsiri neno kwa neno, kisha wakafunga safari kwenda kumwona Bi Konile mwenyewe. Kitabu walichokitoa mwaka 2009 kimebeba hata katika jina lake mbuzi yule yule.

Walichokipata ni kwamba ushahidi ule ulikuwa na mantiki yake tangu mwanzo. Sehemu yake ilipotea katika ukalimani, na sehemu nyingine ilipotea kwa sababu wasikilizaji hawakujua ndoto ya mbuzi ina uzito gani. Kwa Waxhosa mbuzi ni mnyama wa tambiko, anayewaunganisha walio hai na wahenga wao. Kumwota kabla ya kupokea habari za msiba ni kupewa taarifa kabla ya taarifa. Nayo habari ya makaa na jiwe ilieleza dhiki ya mama aliyepoteza kijana wa kumtegemea. Aliulizwa kuhusu kifo cha mwanawe, naye akajibu kwa kuonyesha kifo hicho kilimfanya nini. Hata muuza mandazi wangu alijibu hivyo hivyo, nami nilikuwa na lugha moja naye. Kumbe kushiriki lugha na msimulizi si kinga ya kutosha.

Kusema peke yake hakuponyi

Wako watakaosema kwamba la muhimu ni mtu kulitoa la moyoni, na kwamba akishasema, ametua mzigo. Imani hii imeenea, lakini ushahidi hauiungi mkono ilivyo. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaochambua tafiti za tiba, yalichunguza desturi ya kumhoji mtu mara moja tu baada ya tukio la kutisha ili aeleze yote yaliyompata. Hayakuona kwamba kikao hicho kinazuia kiwewe, na yalionya kuwa huenda kikawadhuru baadhi ya watu. Kidonda kilichofunuliwa na kuachwa wazi hupata vumbi. Kwa hiyo swali la kitaaluma si kama mtu aseme au asiseme. Tunapaswa kuuliza anasema mbele ya nani, kwa maneno ya nani, na baada ya kusema kinafuata nini.

Zimbabwe imetupa jibu la kufikirisha. Mwaka 2005 operesheni ya serikali iitwayo Murambatsvina ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, riziki, au vyote viwili. Mwaka uliofuata, ili kukabili athari za pigo hilo katika mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Walipewa benchi la mbao nje ya zahanati. Mgonjwa huketi na bibi na kuzungumza. Shida wanayoizungumzia huitwa kwa jina la Kishona: kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Tiba yenyewe ina hatua tatu, nazo pia zina majina ya Kishona: kuvhura pfungwa (kufungua fikra), kusimudzira (kuinua), na kusimbisa (kuimarisha). Bibi humsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia njia, lakini anayechagua ni mgonjwa.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Desemba 2016 uliwafuatilia watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliopitia benchi, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Nionavyo mimi, nguvu ya benchi lile inaanzia kwenye jina la ugonjwa, kwa kuwa mgonjwa hakutakiwa kwanza ajifunze lugha ya daktari ndipo aeleweke.

Mawazo, kujikaza na pole

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo neno letu. Mtu aliyelemewa husema "nina mawazo", na jirani anaelewa kwamba hazungumzii fikra za kawaida. Neno sonona ni zuri na lina kazi yake kliniki, lakini si watu wengi wanaolitumia kujieleza. Mhoji anapoandika "sonona" mahali ambapo msimulizi alisema "mawazo", anabadilisha kitu. Mawazo yana sababu: kodi ya nyumba, mtoto aliyepotelea mjini, mume asiyerudi. Sonona inakaa ndani ya mtu. Tafsiri hiyo moja humwondoa mwenye nyumba kwenye hadithi na kumbakiza mpangaji peke yake na ugonjwa wake.

Hali inakuwa ngumu zaidi tukifika kwenye ustahimilivu. Jamii zetu humsifu anayevumilia. Tunaambiana mvumilivu hula mbivu, tunamwambia mfiwa ajikaze, na mwanamke anayepigwa tunamwambia ndoa ni kuvumiliana. Sikatai kwamba uvumilivu umewavusha watu wengi. Lakini kujikaza ni kukaza: mwili hukazwa, sauti hukazwa, na kilicho ndani hakitoki. Msimulizi anayeulizwa swali la ushujaa hujua jibu linalotakiwa, naye hulitoa kwa adabu. Mtafiti akilichukua jibu hilo kama ushahidi wa kupona, atakuwa amepima adabu.

Hapa pana hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito: hadithi za kuinuka huwapa wengine matumaini. Ni kweli, na aliyeinuka ana haki ya kusema kaona nini. Lakini tumaini lililotolewa kwa shuruti humwonea yule ambaye bado yuko chini, kwa sababu humfanya aone kuchelewa kwake kama udhaifu.

Lugha yetu ina mwendo mwingine, wa taratibu zaidi. Anayeumwa, anayefiwa, hata aliyejikwaa, tunamwambia pole. Neno hili linakiri kwamba jambo limetokea, na halimdai mwenzako maelezo wala ushindi. Tunasema pia moyo umepoa, na uchungu hupozwa. Kitu cha moto hupoa kwa wakati wake; ukikiharakisha, kinakuunguza.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu kwa wenzangu tunaokusanya simulizi hizi. Neno la msimulizi kuhusu hali yake libaki katika unukuzi na katika uchambuzi, hata kama pembeni tunaliwekea istilahi. Hakuna sehemu ya simulizi iandikwe kuwa nje ya mada kabla ya kumrudia msimulizi na kumuuliza. Na swali kuhusu nguvu na ushindi liachwe mpaka mwenyewe alilete. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyowasilisha ripoti yake Mei 2013, ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000. Huenda humo mna mbuzi wengi wanaosubiri kusikilizwa upya.

Kwa mama wa mandazi sikurudi, na hilo siwezi kulitengeneza. Ninachoweza ni kulitaja swali ambalo kanda ile ilikuwa ikiliomba tangu dakika ya kwanza: "Mama, zamani yale mafuta yalikuwa yakiliaje?"