Wameru wa California

Mlima Meru wa Arusha una Wameru wake, na habari zao zinajulikana: migomba, kahawa, ng'ombe wa maziwa na mifereji ya maji inayoteremka toka msituni. Kulikuwa na Wameru wengine waliokaa miaka mitatu katika korongo kavu kaskazini ya Los Angeles, jimbo la California. Hao hawakuwa watu. Lilikuwa jina la kituo cha kutibu na kuchunguza wanyama katika tamthilia ya televisheni iliyoitwa Daktari, ambayo shirika la CBS la Marekani lilianza kuirusha Januari 11, 1966.

Msomaji wa leo huenda hajawahi kuisikia. Lakini mzee wa Kijerumani, wa Kiingereza au wa Kifaransa aliyekuwa mtoto miaka ile, ukimtajia neno "daktari" hafikirii sindano wala koti jeupe. Anakumbuka simba mwenye makengeza.

Simba huyo aliitwa Clarence, na makengeza yake yalikuwa ya kweli. Mwaka 1965 mtayarishaji Ivan Tors alimtengenezea filamu nzima, ilipopendwa ikazaa tamthilia. Kisa chenyewe ni chepesi. Dk. Marsh Tracy, aliyeigizwa na Marshall Thompson, anatibu wanyamapori mahali fulani Afrika Mashariki, akisaidiwa na binti yake Paula. Kila wiki linazuka jambo: majangili wameingia porini, chui amejeruhiwa, mgeni mkorofi amefika na bunduki. Sokwe mmoja, Judy, anafanya utundu wa kuwachekesha watoto. Kuna gari lililopakwa mistari ya punda milia. Mwisho wa kipindi mambo yametulia na simba anapiga miayo.

Jina la tamthilia lina safari yake. Waswahili wa zamani walikuwa na mganga na tabibu. Waingereza walipokuja na neno lao tuliliosha, tukaliongezea irabu mwishoni, likawa daktari. Hollywood wakalichukua likiwa limeshavaa kanzu, wakalirudisha kwenye Kiingereza kama neno la Kiafrika halisi. Na kama mtayarishaji angeuliza katika kijiji chochote cha Tengeru, huko Umeruni, mtu anayetibu ng'ombe anaitwaje, tamthilia ingekuja na jina jingine kabisa: Bwana Mifugo.

Jina la kituo ndilo linalosumbua sikio zaidi. Wameru ni watu. Nchi yao ni Meru. Kuita zahanati ya simba "Wameru" ni sawa na kufungua gereji ukaiita "Wasukuma", bila hata "ya" mbele yake. Hakuna aliyejali. Kwa masikio ya Marekani jina lilikuwa na mlio mzuri, na hiyo ikatosha.

Sasa tuende korongoni. Linaitwa Soledad Canyon, na ndani yake mkufunzi wa wanyama Ralph Helfer alikuwa na shamba la ekari 600 hivi. Vilima vya pale ni vya rangi ya mchanga, vichaka vyake ni vifupi na vikavu, na mto wake mara nyingi huonyesha mawe kuliko maji. Ukikodoa macho utadhani uko Longido wakati wa kiangazi. Shamba hilo liliitwa Africa U.S.A. Hapa msomaji wa Arusha ana haki ya kucheka, maana Wameru wa kweli wana mji wao barabara ya kwendea Moshi, nao unaitwa Usa River.

Kwa nini watu wa Hollywood hawakuja kurekodi huku? Ubahili ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Filamu ya sinema inaweza kumsubiri simba wiki mbili. Tamthilia ya kila wiki haina subira hiyo. Inataka simba anayeitika akiitwa, alale pale alipoonyeshwa, na kesho arudie. Helfer aliwafuga wanyama wake kwa mtindo wa mapenzi, pasipo mjeledi wala kiti cha sarakasi, na ndiyo maana waigizaji waliweza kulala ubavuni mwa simba kamera ikizunguka. Hata hivyo Clarence alikuwa na udhaifu wake: aliogopa magari. Palipohitajika gari aliitwa simba mwingine, Leo, akapakwa rangi usoni ili afanane na mwenzake. Basi hata huyo simba wa Afrika ya uongo alikuwa na simba wake wa uongo.

Mtindo huu ulikuwa wa kawaida enzi hizo. Mwaka huo huo wa 1966 shirika la NBC lilianza kuonyesha tamthilia ya Tarzan, Ron Ely akiruka toka mti hadi mti katika "Afrika" iliyorekodiwa kwanza Brazil, kisha Mexico. Mwaka uliofuata ikaja Cowboy in Africa, ambapo Chuck Connors anatoka Marekani kwenda kuchunga wanyamapori kwenye ranchi ya Kenya. Filamu iliyoitangulia ilipigwa Kenya kwelikweli. Tamthilia yenyewe ikahamishiwa California, katika shamba lile lile la Helfer. Korongo moja likawa nchi ya Wameru na Kenya kwa pamoja. Shirikisho la Afrika Mashariki, ambalo viongozi wetu walishindwa kuliunda mwaka 1963, lilipatikana huko.

Makosa ya jiografia ni mengi, nami sitayahesabu yote. Judy ni sokwe, na sokwe wa porini wako Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, wako pia katika misitu ya magharibi ya Uganda. Nyika za Kenya na Arusha hazina. Lakini kosa la mnyama nalisamehe upesi. La mtu linanikaa zaidi. Katika tamthilia yuko ofisa wa wilaya, Mwingereza aitwaye Hedley, ambaye mambo yakiharibika ndiye anayekuja kutoa amri. Wazee wetu walimjua mtu huyo. Walimwita Bwana Shauri. Tanganyika ilimuaga mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Mwaka 1966 Bwana Shauri alikuwa ameshafunga mizigo yake kila mahali isipokuwa Soledad Canyon.

Haki itendeke: mbegu ya kisa ilitoka kwetu kweli. Tors alivutiwa na kazi ya Dk. Antonie Harthoorn, mtaalamu wa wanyama aliyeishi Nairobi na mkewe Sue, wakilea huko wanyama yatima. Harthoorn ni miongoni mwa waliobuni njia ya kumlaza mnyama kwa sindano inayofyatuliwa kwa bunduki, badala ya kumkimbiza kwa kamba hadi moyo umpasuke. Kila askari wa wanyamapori anayemhamisha faru leo anatumia kazi ya kizazi cha Harthoorn.

Yuko pia Hari Rhodes, Mmarekani mweusi wa Cincinnati, aliyekuwa mwanajeshi wa majini kabla ya kuwa mwigizaji na mwandishi wa riwaya. Aliigiza kama Mike Makula, Mwafrika msomi anayefanya kazi bega kwa bega na Dk. Tracy. Televisheni ya Marekani ya wakati huo haikuwa na Waafrika wengi wa namna hiyo, wanaovaa shati safi na kusoma matokeo ya maabara. Mwingine aliyekuwa na nafasi kama hiyo alikuwa angani: katika Star Trek, iliyoanza Septemba 1966, Nichelle Nichols aliigiza kama Luteni Uhura, jina lililotokana na uhuru, na katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, akili yake ikiwa imefutwa na mashine, lugha iliyomrudia kwanza ilikuwa Kiswahili. Watazamaji wa Marekani walipewa Kiswahili cha korongoni na Kiswahili cha nyotani. Cha Pangani au cha Lamu kilisubiri.

Nchi ya Wameru yenyewe haikuwa ngeni kwa kamera. Mwongozaji Howard Hawks alifika Arusha na mwigizaji John Wayne na kundi lake kutengeneza filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, na sehemu kubwa ya kisa inatokea Momella, upande wa mashariki wa mlima. Ni kisa cha watu weupe wanaokamata wanyama wa kuuza kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Vumbi lile ni la kweli, na vifaru wale ni wa kweli. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momella hata akanunua shamba akakaa. Kwa hiyo miaka minne kabla ya Daktari, Meru yenyewe ilikuwa imeshaonekana kwenye sinema za dunia. Daktari ikafanya kinyume, ikawataja wenyeji bila nchi yao.

Na jina lao lilikuwa limeshafika Marekani mapema zaidi, kwa njia nyingine. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 huko Engare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Hakuna Mtanganyika aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Azimio la kuwarudishia ardhi lilipofika Baraza Kuu lilikosa theluthi mbili ya kura. Yeye na mwanasheria Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, nacho kilichapishwa mwaka 1967. Mwaka ule ule, kila wiki, familia za Marekani zilikuwa zikitazama kituo cha Wameru kwenye sebule zao, na kisa cha wiki kilikuwa simba.

Daktari ilionyeshwa mara ya mwisho na CBS Januari 15, 1969. Januari hiyo hiyo mvua kubwa iliikumba California kusini, mto wa Soledad Canyon ukafurika, shamba la Africa U.S.A. likabebwa na maji. Watunzaji walifungua vizimba ili wanyama wajiokoe. Baadhi yao waliokoka, wengine walikufa maji.

Baada ya hapo kamera zilianza kurudi. Mwaka 1974 NBC ilitengeneza tamthilia ya Born Free, habari za Joy na George Adamson na simba wao Elsa, ikarekodiwa Kenya. Haikuvuka vipindi 13. Elsa mwenyewe amezikwa katika hifadhi ya Meru, ile ya Kenya, na kwa Kiswahili wenyeji wa huko nao ni Wameru, ingawa lugha na historia ni mbali na wa Arusha. Mwaka 1981 Waingereza wakaja na The Flame Trees of Thika, vipindi saba kutokana na kumbukumbu za utotoni za Elspeth Huxley, na hiyo pia ilipigwa Kenya. Vilima vikawa vyetu. Kisa kikabaki cha walowezi.

Na sisi je, tulikuwa tunatazama nini? Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994. Mmeru wa Leguruki aliyetaka kuona kituo kilichobeba jina lake angelazimika kupanda basi hadi Nairobi, na hata huko atafute mwenye runinga.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Mwaka 2012 Siri ya Mtungi ilileta Bagamoyo yenyewe, mpigapicha Cheche na mitaa yake ya mawe na chumvi. Mwaka 2015 Sense8, tamthilia ya Marekani inayozunguka miji mikubwa ya dunia, ilirekodi sehemu zake za Nairobi jijini Nairobi, dereva wa matatu akiwa mmoja wa mashujaa wanane. Mwaka 2022 Netflix ikaonyesha Country Queen, ya kwanza ya Kenya kutengenezwa kwa ajili yake, na mgogoro wake mkuu ni ardhi: kampuni ya madini inataka kukihamisha kijiji.

Nilipoitazama Country Queen nilimkumbuka Kirilo. Kijiji kinachochomwa moto, michango ya senti na shilingi, kijana anayepanda ndege kwenda kubishana na dola, kura zinazopungua kidogo tu, na safari ya kurudi nyumbani kuwaeleza wazee. Hakuna haja ya kumkodi simba wala kupaka gari mistari. Watayarishaji wa Arusha na Dar es Salaam wanaotafuta kisa wasihangaike: kitabu kipo, na Engare Nanyuki ni mwendo wa saa chache tu kutoka Arusha.