Kijani cha Shaba: Mkanda wa Risasi na Ushahidi Wake

Katika duka moja la vitu vya kale, humu humu Mji Mkongwe, niliwahi kutandikiwa mezani mkanda wa ngozi wenye vitanzi vya kuchomekea risasi. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta, na juu ya vitanzi palikuwa na madoa ya kijani, yale yanayoachwa na shaba ikishika kutu. Mwenye duka aliupitisha mkono juu yake kwa upole, kama mtu anayempapasa paka. “Maalim,” akaniambia, “huu si wa kuuzwa kwa kila mtu. Huu ulivaliwa na askari wetu katika Vita vya Mjerumani. Itazame kutu yake.”

Niliitazama. Ilikuwa kutu nzuri mno. Ilienea sawasawa kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho, juu ya vitanzi. Lakini nilipokipanua kitanzi kimoja kwa kidole, ndani, mahali ambapo ganda la risasi lingegusana na ngozi, palikuwa pasafi. Nilimshukuru, nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Lakini mkanda ule umenikaa rohoni, kwani jambo aliloniambia nilitazame ndilo hasa lililousuta.

Ili kuujua mkanda wa uongo yafaa kwanza kuujua wa kweli, na wa kweli sharti tuufuate Marekani, ambako historia ya kifaa hiki imeandikwa kwa kina na ambako wakusanyaji wake wamekuwa wakibishana kwa miaka mingi juu ya kila mshono na kila bizimu.

Kabla ya risasi kufungwa ndani ya ganda la madini, baruti na risasi vilizungushiwa karatasi, na askari alivichukua katika mkoba wa ngozi uliotiwa vijisanduku vya bati ndani, ukining’inia ubavuni. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, ndivyo walivyopigana wengi. Ganda la shaba lilipoingia, mikoba ile ilibaki, na risasi zikawa zinagongana na kulia ndani yake kama njuga. Jeshi likatandika sufu ya kondoo ndani ya mikoba ili zitulie. Ilikuwa tiba ya mtu anayetibu kelele badala ya ugonjwa: askari aliye juu ya farasi, adui akimjia, bado alilazimika kufungua mkoba na kupapasa gizani kutafuta risasi moja moja.

Mwaka 1866, katika ngome ya Fort Bridger, kapteni mmoja kwa jina Anson Mills aliagiza watu wake watengenezewe mikanda ya ngozi iliyoshonewa vitanzi, kila risasi na kitanzi chake, nje mbele ya macho na karibu na mkono. Mwaka uliofuata alipata hataza ya uvumbuzi wake. Haikuwa fikra ya mtu mmoja tu, kwani askari na wawindaji wengi walijishonea mikanda ya namna hiyo, kila mmoja kwa kadiri ya ufundi wake. Wakubwa wa idara ya silaha hawakuipenda. Ilipita takriban miaka kumi ambapo askari alivaa alichojitengenezea mwenyewe, na serikali ikaendelea kumgawia mkoba asioutaka. Ndiyo maana mikanda ya miaka hiyo haifanani hata miwili, jambo linalomfurahisha mkusanyaji na kumfurahisha zaidi mghushi.

Mkanda huo ulikuwa na kasoro, na sisi watu wa pwani tunayo njia nyepesi ya kuielewa. Wazee wetu walijua kwamba ngozi mbichi haiwi ngozi ya kazi mpaka ilowekwe katika maji ya magome. Huku, magome hayo ni ya mkandaa na mikoko mingine, ambayo kwa miaka mingi yalikatwa na kusafirishwa hata ng’ambo kwa kazi hiyo. Kilichomo ndani ya gome, ile tanini yenye ukakasi, ndicho kinachoizuia ngozi isioze. Amerika walitumia magome ya miti yao, lakini tanini ni tanini. Shaba ikikaa kwenye ngozi iliyotiwa tanini na mafuta, tena ikapata jasho na mvua, huota utando wa kijani, mzito, wenye kunata. Risasi inayong’ang’ania kitanzini huchelewa kutoka. Ile inayotoka na utando wake ikaingizwa kwenye bunduki, huganda humo baada ya kufyatuliwa.

Bunduki ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, ile Springfield ya kupakia risasi moja kwa mara moja, haikuwa na rehema kwa risasi chafu. Maganda yake yalikuwa ya shaba nyekundu, laini. Yakipata moto yalitanuka, na ndoano ya kuyatoa iliweza kuchana ukingo wa ganda na kuliacha ganda lenyewe ndani. Hapo askari hana la kufanya ila kuchomoa kisu na kuanza kuchokora.

Tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, George Armstrong Custer na watu wake wapatao 210 waliokuwa pamoja naye walikufa wote mbele ya wapiganaji wa Lakota, Cheyenne na Arapaho. Siku chache baadaye Meja Marcus Reno, aliyenusurika upande mwingine wa uwanja ule, aliilalamikia idara ya silaha kwa barua juu ya maganda yaliyokwama. Kutokana na barua hiyo na masimulizi mengine ilizaliwa hadithi iliyodumu karne nzima: kwamba Custer aliuawa na kutu ya kijani.

Ni hadithi tamu, hasa kwa waliotaka kushindwa kwake kuwe kosa la fundi na si ushindi wa watu waliokuwa wakiitetea nchi yao. Mwezi wa Agosti 1983 moto uliteketeza majani ya uwanja ule, na mwaka 1984 na 1985 wachimbuzi wa mambo ya kale wakaupekua ardhi yake kwa vifaa vya kutambua madini. Waliokota maganda, wakayachunguza moja moja kwa hadubini. Yaliyoonyesha dalili ya kuchokorwa kwa nguvu yalikuwa machache sana. Yaliyojitokeza kwa wingi wa kushangaza ni maganda ya bunduki za kurudiarudia, Henry na Winchester, zilizokuwa mikononi mwa wapiganaji wenyeji. Kutu ilikuwapo, na ilikuwa adha ya kweli. Lakini Custer alishindwa na watu.

Jeshi lilijifunza kidogo kidogo. Mwaka ule ule wa 1876 lilianza kutengeneza mkanda wa ngozi uliovishwa turubai, na vitanzi vya turubai, ili shaba isiguse ngozi. Mills naye, akishirikiana na Orndorff, alikwenda mbali zaidi akaiacha ngozi kabisa: mkanda wa pamba uliofumwa kwa mashine pamoja na vitanzi vyake, kipande kimoja, pasipo uzi wa kushonea. Mkanda huo ndio waliouvaa askari wengi wa Marekani katika vita vya 1898 dhidi ya Hispania.

Vita vile vilikwisha upesi, na hapa ndipo ulipoanzia ukusanyaji. Mfanyabiashara wa New York, Francis Bannerman, alinunua kwa jumla sehemu kubwa ya silaha na vifaa vilivyotekwa kwa Wahispania. Baruti haikuruhusiwa kurundikwa mjini, akanunua kisiwa kizima katika mto Hudson, kiitwacho Pollepel, akakijengea bohari lenye umbo la ngome ya Kizungu. Kutoka humo alitawanya mabaki ya vita kwa orodha nene zilizochapwa picha, kwa bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu. Bannerman alikufa 1918. Mwaka 1920 sehemu ya bohari ililipuka, na moto wa 1969 ukala sehemu kubwa ya lililobaki. Orodha zake za mauzo zimegeuka kitabu cha rejea, na takataka alizouza kwa senti zimekuwa johari.

Bei ilipopanda, mikanda halisi ilianza kuadimika, na mahitaji yakaongezeka kutoka upande ambao Bannerman hakuutazamia. Kuanzia maadhimisho ya miaka mia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1961 hadi 1965, maelfu ya Wamarekani walianza kuigiza vita vya babu zao wakiwa na mavazi kamili. Hawa hawakuhitaji mkanda wa kale, ambao ungekatika kwa mkimbio wa kwanza. Walihitaji mpya, uliokatwa kwa vipimo vya zamani. Watengenezaji wa Marekani kwenyewe, na baadaye viwanda vya ngozi vya India, waliwatengenezea.

Sina ugomvi na mkanda huo. Ni kama mlango wa nakshi uliochongwa mwaka jana na fundi wetu kwa mfano wa mlango wa karne ya kumi na tisa: ukipigwa chapa ya fundi na mwaka wake, ni kazi ya heshima, na pengine utaongoza mikono ya vijana kwenye ufundi uliokuwa unakufa. Na kule Oman, ambako mkanda wenye risasi bado huvaliwa pamoja na jambia katika sherehe, mkanda mpya hauitwi nakala kamwe, kwa sababu desturi yenyewe haijakoma.

Ubaya huanza chapa inapokwanguliwa. Mkanda mpya hulowekwa, hukaushwa juani, hukunjwa hadi ungozi wake upasuke, kisha hupakwa kijani kwa chumvi na siki. Wakusanyaji nao wamejifunza kujikinga. Hutazama uzi kwa taa ya mwali wa zambarau, kwani nyuzi nyingi za siku hizi hung’aa gizani na za kale hazing’ai. Hutazama matundu ya sindano yaliyochakaa, na mahali ambapo bizimu limeila ngozi kwa miaka. Juu ya yote hutazama ndani ya vitanzi, kwa sababu kutu ya kweli haikupakwa. Ilitoka ubavuni mwa ganda, na ilibaki pale ganda lilipolala. Kasoro iliyoufanya mkanda wa ngozi ukataliwe na jeshi sasa ndiyo cheti chake. Kwa hiyo mkusanyaji anayesugua kijani hicho kwa nia njema, akaupaka mkanda mafuta mpaka ung’ae, anaufuta ushahidi wenyewe. Nimeona picha za mikanda iliyofanyiwa wema wa namna hiyo, nikasikitika zaidi ya nilivyosikitika kwa ile ya uongo.

Turudi dukani. Mkanda wa vitanzi ulikuwa umekwisha kupoteza nafasi yake kabla ya vita vya 1914. Bunduki mpya zilipakiwa risasi tano kwa mpigo, zikiwa zimefungwa pamoja katika kibanio chao, na kitanzi cha risasi moja hakikuwa tena na kazi. Vifuko vilichukua mahali pake. Kampuni ya Mills ya London ndiyo iliyolifumia jeshi la Uingereza vifaa vyake vya pamba vya mwaka 1908, vifuko kumi vyenye jumla ya risasi 150. Mtu anayetaka kuniuzia mkanda wa vitanzi kwa jina la Vita vya Kwanza ana mengi ya kueleza kabla hatujafika kwenye kutu.

Lakini lililoniudhi si hilo. Vita vile vilipitia kwetu. Kikosi cha King’s African Rifles kilikua hadi kufikia askari zaidi ya 30,000, na nyuma yao wapagazi, upande wa Waingereza peke yake, walikaribia milioni moja. Kila risasi iliyofika kiunoni mwa askari ilikuwa imekwisha kusafiri ndani ya sanduku kichwani mwa mtu, katika mzigo wa kilo 25 hivi, kwa mamia ya maili, kutoka bandarini hadi Rufiji na hadi ng’ambo ya Ruvuma. Hesabu za serikali ya Uingereza zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina lao limebaki katika Kariakoo, ambako Waingereza waliwaweka. Vitu vyao havikubaki. Pagazi hakugawiwa mkanda. Alipewa blanketi, na blanketi haliachi kutu.

Mkanda ule umeuzwa. Mara ya mwisho nilipopita nje ya duka, mahali pake palikuwa na mwingine, unaofanana nao kama pacha, na kijani chake kimeenea sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.