Kupwa na Kujaa kwa Ziwa Tanganyika: Funzo la Karema

Habari za tufani iliyoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, ikavunja vyombo na kung'oa mikarafuu, zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Maafa ya Ziwa Tanganyika hayazungumzwi sana, nayo ni ya namna nyingine. Tufani ya bahari huja kwa siku moja. Maji ya ziwa hupanda kwa miaka, kisha upepo huyasukuma mpaka nyumbani mwa watu. Makala hii yauliza jambo moja: apangaye mahali pa kuwahamishia watu wa ufuko wa Katavi, tangu Karema na Ikola hata jirani zao wa Kapalamsenga, apime kwa kipimo gani?

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama kilichoundwa na Mfalme Leopold II, alijenga kituo Karema, karibu na maji. Miaka ile ziwa lilikuwa limejaa mno, kwa kuwa mto Lukuga, mlango wake wa pekee wa kutokea maji, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mnamo 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka kama 15 ziwa likashuka yapata mita 10. Mapadre wa White Fathers walikabidhiwa kituo mwaka 1885, wakati ufuko ulipokuwa ukizidi kukiacha nyuma.

Wasomaji wanajua kwamba neno pwani latokana na kitenzi kupwa. Lakini palipopwa paweza kujaa tena. Baada ya mvua kubwa za 1961 ziwa lilipanda hata 1964. Tena mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia majumbani katika miji ya ufukoni, kama Bujumbura na Uvira. Mahali hapo palipofurika palikuwa chini ya maji kabla ya 1878.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Ni kinga njema. Lakini katika nchi tambarare ziwa likipanda mita 1 tu laweza kuzimeza mita hizo zote. Hatua zihesabiwazo kutoka ufukoni huhama pamoja na ufuko. Mwinuko wa nchi hauhami.

Kwa hiyo yafaa kwanza alama za maji ya 1878 na ya 1964 zitiwe juu ya nchi, na wazee walioyaona ya 1964 waulizwe. Pili, kila kitongoji kipewe mapema mahali pake juu ya alama hizo. Shule iliyo chini yake isihesabiwe kuwa kimbilio, hata ikiwa mbali na maji. Tatu, saa ya kuhama ijulikane. Ziwa hufikia kilele chake mnamo Mei, mvua ziishapo, na ndipo pepo za kusini zianzapo kuvuma kwa nguvu. Wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga watangulie kabla ya mwezi huo.

Waliojenga Karema waliuamini ufuko waliouona. Apangaye leo anayo historia wasiyokuwa nayo wao. Akiipuuza, atawatoa watu majini na kuwapeleka majini.