Uganda Ndani ya Skrini Nyeusi

Pale Katesh, chini ya Mlima Hanang, mdogo wangu alijifunza kuandika programu kwa kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2. Visual Studio Code, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa inaigandisha. Akahamia Vim. Nikamcheka: skrini nyeusi, hakuna vitufe, hata kutoka humo ni mtihani.

"Kaka, soma kwanza," akanijibu. Inapofunguka tu, pana ombi: wasaidieni watoto maskini wa Uganda.

Nikaanza kuchimba. Bill Joy aliandika vi mwaka 1976 huko California, enzi za mitambo dhaifu. Mwaka 1991 Mholanzi Bram Moolenaar akatoa Vim, akifuata nyayo zake. Mwaka 1994 alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kazi za maji na usafi, mahali ambapo UKIMWI uliacha yatima wengi. Vim ikabaki bure. Anayeifurahia akaombwa awachangie watoto wale. Bram alifariki Agosti 2023.

VS Code ina raha zake, jamani: inakukamilishia maneno, inakuonyesha kosa kabla hujaendesha programu. Ukiwa na mashine ya maana, itumie. Ila tumezoea kudhani teknolojia inashuka kwetu tu kutoka kwao. Hii ilipita Kibaale, ikabeba shida za huko hadi kwenye kompyuta za dunia nzima.

Na kwa kompyuta ileile kuukuu, mdogo wangu aliandika programu yake ya kwanza ya kulipwa: hesabu za duka la pembejeo. Sijamcheka tena.