Linux ilivyofika nyumbani kwetu Industrielle

Mwaka 2024 nilipoteza hadithi 31. Nilikuwa nimekaa na wazee waliotoka Uvira, Fizi na Bukavu, mmoja mmoja, nikiandika walivyokimbia, walipita njia gani, walibeba nini. Zote zilikuwa kwenye flashi moja. Nikaipeleka kwenye duka la fotokopi nichapishe kurasa tano za kikundi cha vijana. Niliporudi nyumbani, Zone Industrielle hapa Bujumbura, nikaichomeka kwenye laptopu yetu, nikaona kila folda imekuwa na kishale kidogo pembeni. Ukibofya, hakuna kitu. Nikapitisha antivirusi. Ikafuta vishale vyote, na flashi ikabaki tupu.

Sikulala usiku ule. Wawili kati ya wale wazee walikuwa wameshafariki.

Rafiki yangu mmoja anatengeneza mashini Buyenzi. Nilimpelekea flashi bila matumaini. Yeye akaichomeka kwenye kompyuta yake ya zamani, ya rangi ya kijivu, na folda zangu zikatokea zote, kila moja na jina lake. Kumbe zilikuwepo muda wote. Kirusi kile kinaziwekea folda alama ya kufichwa, halafu kinaweka kishale mahali pake ili ukibofya ukiamshe chenyewe. Windows inatii ile alama ya kuficha. Kompyuta yake ilikuwa na Linux, ambayo haina habari na alama hiyo, na kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakikuweza hata kuamka humo. Sisemi Linux haipati virusi kabisa, hapana. Lakini kile cha duka la fotokopi hakikupata mlango.

Na kwetu mlango tuliufungua wenyewe. Windows yetu iliwekwa na fundi kwa faranga elfu chache, pamoja na kiprogramu cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Ili kiprogramu hicho kifanye kazi, fundi alizima ulinzi wote. Karibu kila laptopu ya mtumba ninayoiona mtaani iko hivyo, na simlaumu mtu. Windows 10 ya halali ya nyumbani ilikuwa dola 139 kwa bei ya Marekani. Mama aliinunua laptopu yenyewe kwa pesa isiyofika hapo.

Basi nikataka kujua hii Linux ni ya nani, na kwa nini rafiki yangu alininakilia bila kuangalia huku na huku kama mtu anayeuza sidii za magendo.

Historia yake inaanza na printa iliyokwama. Karibu mwaka 1980, kwenye chuo cha MIT cha Marekani, Richard Stallman alikuwa anafanya kazi na printa ya Xerox iliyokuwa inakwama karatasi. Printa yao ya zamani alikuwa ameirekebisha mwenyewe: aliongeza maagizo kwenye programu yake, ikawa inawaambia watu kwenye kompyuta zao kwamba imekwama. Hii mpya hakupewa maandishi ya programu yake. Akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, yule akakataa, kwa sababu alikuwa amesaini kwamba hatampa mtu. Stallman alikasirika, na hasira yake haikuisha. Mwezi wa 9, 1983, alitangaza kazi ya kuandika mfumo endeshi mzima, yaani ile programu-mama inayoiamsha kompyuta na kuiendesha, ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma ndani, kuubadilisha na kumpa jirani. Aliuita GNU.

Mwaka 1989 ukatoka mkataba wake, GPL. Mimi hapo ndipo nilipokaa sana. Sisi wakimbizi tunajua karatasi: karatasi ya kukaa, karatasi ya kutoka, karatasi inayoisha muda. Nyingi zinakueleza usichoruhusiwa. Mkataba huu unaandika unachoruhusiwa, halafu unaweka sharti moja zito: ukimpa mwingine hii programu, umpe na ruhusa zile zile ulizopewa wewe. Hata ukiiuza. Hata ukiibadilisha. Huwezi kuifungia njiani.

Kazi ya Stallman ilipungukiwa na kiini, sehemu inayozungumza na vyuma vya ndani. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo mdogo, kitu cha kujifurahisha tu. Toleo la kwanza lilitoka Septemba mwaka huo, lina mistari kama elfu kumi. Mwanzoni alikataza watu kuuza. Mwaka 1992 akaupitisha kwenye GPL, na watu wa dunia nzima wakaanza kuongeza kipande kipande. Kiini hicho ndicho kiko ndani ya simu za Android. Kwa hiyo wewe unayesema hujawahi kushika Linux, angalia mfukoni.

Huku kwetu iliingia kwa lugha pia. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulikusanya istilahi za Kiswahili za kompyuta, na mwishoni mwa 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mwenye programu, maana ruhusa ilikuwa tayari kwenye mkataba. Wangengoja kampuni ione kama sisi ni soko, wangengoja.

Mwezi wa 10 mwaka huo huo, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda angani 2002, akatoa Ubuntu. Jina alilitoa kwenye lugha za kwao, lakini Mrundi halihitaji kutafsiriwa: ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Mpaka 2011 walikuwa wanatuma sidii kwa posta bila kulipwa, popote duniani. Sisi yetu haikuja kwa posta. Ilikuwa Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, karibu GB 3, na kwa bei ya megabaiti hapa nisingeipakua mwenyewe. Nilinakili kwa rafiki yangu, na nimeshanakilia watu tisa. Si wizi. Ndivyo ilivyopangwa isafiri.

Nilianza kwa kuziweka zote mbili, Windows na Linux, unachagua ukiwasha. Miezi mitatu hivyo, na kila nikikutana na shida nilikuwa nakimbilia Windows, kwa hiyo sijifunzi. Siku moja ya Jumapili nikahamisha mafaili yote pembeni, nikafuta Windows kabisa. Mdogo wangu alinuna wiki mbili kwa ajili ya gemu yake ya mpira. Mama aliuliza swali moja tu: picha za baba zipo? Nikamwonyesha. Zilikuwepo.

Nisiwafiche hasara. Printa ya jirani tunayoazima imekataa mpaka leo (ningependa Stallman aione). Na fomu za Word tunazoletewa zinavurugika: jedwali linahama, mstari wa sahihi unaangukia ukurasa wa pili. Nimewahi kurudishiwa fomu kwa sababu hiyo, na kijana niliyemsaidia akapoteza siku na nauli. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, ikiwa fomu ni ya kujazwa kwa mkono, tutumieni PDF. Haiwagharimu kitu.

Jambo hili linatukaribia wote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida, na Windows 11 haikubali mashini nyingi za zamani. Laptopu ambazo Ulaya inazitupa kwa sababu hiyo tutaziona sokoni kwetu, nzima kabisa, na fundi atakuwa tayari na kile kiprogramu chake.

Mimi niko kwenye chumba cha vijana kila Jumamosi asubuhi. Anayetaka kujaribu aje na flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana ndani, kwa sababu kuiandaa kunafuta vyote. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, ukaitazama saa nzima, ukaenda nayo nyumbani. Na kama flashi yako ina vishale, usipitishe antivirusi kwanza. Ilete kama ilivyo.