Kilosa katika Vita vya 1916: Mpango, Bahati na Njia Isiyokuwa kwenye Ramani

Mji wa Kilosa umekaa pale ambapo mto Mkondoa unatoka katika milima ya Usagara na kuingia kwenye mbuga ya Mkata, na kwa sababu hiyo kila aliyetaka kwenda bara kwa njia ya kati, awe mfanyabiashara wa pembe za ndovu, msafiri wa Kizungu au mjenzi wa reli, alilazimika kulitia bonde hilo katika hesabu zake. Henry Morton Stanley alipoivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika ya 1871 aliikuta imegeuka kinamasi kilichowadhoofisha watu na wanyama wake, na Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kazi iliyofika mwisho mwaka 1914, nao walilifuata bonde la Mkondoa. Kusini mwa mji kulikuwa na njia iliyopitia mahali paitwapo Ulaya na eneo la Mikumi, ikaambaa na milima ya Vidunda hadi Kidodi, kisha ikauvuka mto Ruaha Mkuu kuelekea Mahenge. Ni njia hizo mbili, reli ya mashariki na magharibi na barabara ya kusini, zilizouingiza mji huu katika mahesabu ya majenerali mwezi Agosti 1916, na matukio ya majuma machache yaliyofuata yanaonyesha vizuri kuliko nadharia nyingi jinsi mpango na bahati vinavyochanganyika katika maamuzi ya vita.

Mwandishi anayetajwa zaidi katika mjadala huo ni Carl von Clausewitz, afisa wa Prussia ambaye kitabu chake juu ya vita kilianza kuchapishwa mwaka 1832, baada ya kifo chake. Yeye aliita msuguano jumla ya mambo madogo, kama mvua, uchovu, ujumbe uliochelewa au daraja lililovunjika, ambayo hufanya jambo jepesi kwenye karatasi liwe zito uwanjani. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, alifunzwa uanajeshi katika mapokeo hayo. Mpinzani wake, Jan Smuts, alikuwa mwanasheria aliyejifunza vita akiwa kamanda wa Makaburu dhidi ya Waingereza, katika nyanda wazi za Afrika Kusini ambako mpanda farasi aliweza kumzunguka adui na kumkata njia. Alipopewa uongozi wa majeshi ya Dola ya Uingereza mwezi Februari 1916, alikuja na mbinu hiyohiyo: kumbana adui mbele huku wapanda farasi wakizunguka ubavuni na kufunga mlango wa nyuma.

Jaribio moja kubwa lilikuwa la Jenerali Jaap van Deventer, aliyetumwa na divisheni ya pili kwenda Kondoa Irangi na kuitwaa tarehe 19 Aprili 1916, akiwa mbali sana na maghala yake huku masika yakiigeuza barabara ya nyuma kuwa tope. Lettow-Vorbeck alimshambulia usiku wa tarehe 9 Mei na kushindwa, jambo linaloonyesha kwamba msuguano haukuwa adui wa upande mmoja. Ripoti za kijeshi za wakati huo zinaitaja mvua kama bahati mbaya iliyousimamisha mpango mzuri, lakini masika huja kila mwaka, na jemadari anayeshangazwa nayo mwezi Aprili hana haki ya kuilaumu bahati.

Mvua zilipokwisha van Deventer aliendelea, akaingia Dodoma tarehe 29 Julai, Mpwapwa tarehe 12 Agosti na Kilosa tarehe 22 Agosti. Sehemu ya mwisho ya safari hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa kuwa reli inapita katika bonde jembamba lenye milima pande zote mbili, ambamo kikosi kidogo kiliweza kulichelewesha jeshi zima kisha kikarudi nyuma hadi kona inayofuata. Madaraja yalikuwa yamevunjwa, posho ilikuwa pungufu na farasi wengi walikuwa wamekwisha kufa, hivyo divisheni iliyofika Kilosa ilikuwa kivuli cha ile iliyokusudiwa katika mpango.

Wakati huohuo Smuts alikuwa akishuka kutoka kaskazini kuelekea Morogoro, akitumaini kwamba huko ndiko atakakomfungia adui. Wapanda farasi wa Jenerali Enslin walivuka reli kwenye kituo cha Mkata, kati ya Kilosa na Morogoro, wakaikamata Mlali tarehe 24 Agosti ili kuifunga njia inayopita magharibi ya milima ya Uluguru, na vikosi vingine vikaelekea upande wa mashariki wa milima hiyo. Morogoro ilipoingiwa tarehe 26 Agosti ilikutwa tupu, kwa maana Wajerumani walikuwa wameondoka kusini kuelekea Kisaki. Smuts mwenyewe alikiri baadaye katika taarifa yake kwamba hakujua kuwepo kwa njia iliyotoka Morogoro moja kwa moja kusini, katikati ya milima. Kukiri huko kunastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu njia hiyo haikuwa siri: Waluguru waliokaa kwenye miteremko ya milima hiyo waliijua. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza, na mpango uliochorwa kwa ramani pasipo kumuuliza mkazi hauwezi kudai kwamba umeshindwa na ajali.

Ajali halisi ilitokea Kisaki. Jenerali Brits aliizunguka milima kwa upande wa magharibi, naye afisa mwenzake, Nussey, alitumwa kwa njia ya milimani, ambako askari walilazimika kushuka na kuwakokota farasi mmoja nyuma ya mwingine, wakiwa na genge upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili. Ilikusudiwa vikosi hivyo viwili vishambulie pamoja, lakini mawasiliano ya simu ya upepo, yaani redio ya siku zile, yalikatika; Brits akapigana tarehe 7 Septemba na kurudishwa nyuma, Nussey akafika tarehe 8 bila kujua yaliyotokea jana yake, naye akarudishwa. Hapa msuguano wa Clausewitz unaonekana bila kificho, ingawa hata katika tukio hili ni vigumu kusahau kwamba aliyewatenganisha watu kwa mlima mzima, akiwaachia uzi mmoja tu wa mawasiliano, alikuwa mpangaji.

Wajerumani nao walikuwa na bahati zao. Maonyesho makubwa ya kusherehekea kukamilika kwa Reli ya Kati yalipangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti 1914, na bidhaa zilizoletwa kwa ajili ya sherehe hizo zikawa akiba ya vita ambayo hakuna afisa aliyeiagiza. Hata hivyo ni wao waliokuwa wamekwisha kuweka maghala ya chakula na risasi kwenye njia ya kusini kabla ya kuihama reli.

Kutoka Kilosa van Deventer alisonga mbele kupitia Ulaya hadi Kidodi, akimfuata kamanda wa Kijerumani Kraut aliyekuwa akirudi nyuma kuelekea Mahenge, na hapo nguvu zake zikaisha. Mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo, walikuwa wameenea katika maeneo hayo ya Mkata na Mikumi, na wanyama wa jeshi zima walikufa kwa maelfu. Wahandisi walipata ufumbuzi wa muda kwa kubadili magurudumu ya magari makubwa ili yatembee juu ya reli, yakavuta mizigo kwenye njia ambayo vichwa vya treni vilikuwa vimeharibiwa. Ubunifu huo haukuwemo katika mpango wowote, na pengine ndio uamuzi bora uliofanywa katika ukanda huo mwaka ule.

Mbali na reli kazi iliwaangukia wapagazi, na wengi wao walifia njiani kwa kuhara, malaria na njaa: kwa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya wanahistoria kwa vita vyote yanazidi vifo 90,000. Katika Ugogo, jirani ya Kilosa upande wa magharibi, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu, na mvua zilipokosekana baadaye ikazuka njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ukame ulikuwa bahati mbaya; ghala tupu lililoukuta lilikuwa kazi ya mipango.

Smuts aliondoka Januari 1917 kwenda London, ambako alieleza kwamba kampeni ilikuwa imekaribia mwisho. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, miezi 22 baadaye.